Nani Alikuwamo Ndani? Nyumba Zilizoizaa Uganda

Hotuba hii ilitolewa Kampala mbele ya walimu wa Kiswahili, wanafunzi wa sekondari na vijana wanaotembeza wageni mjini, wiki ya kuelekea Oktoba 9, siku ya uhuru. Imewekwa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Asalaam aleikum kwa wazee wetu mliotoka Bombo alfajiri. Habari za asubuhi, walimu wenzangu. Nanyi vijana wa kutembeza wageni, mliojibanza kule mlangoni ili simu ikiita mtoke, sogeeni mbele, viti vipo.

Nianze na swali mnaloulizwa kila siku. Mgeni anashuka kwenye gari, anatazama lile jengo jeupe la Bunge na tao la uhuru lililo mbele yake, anauliza: hapa ndipo nchi yenu ilipozaliwa? Mnamjibu nini? Wengi wenu hujibu ndiyo, kwa kuwa ndiyo ni fupi na msongamano wa magari ni mrefu. Lakini si kweli. Bendera ilipandishwa Kololo, uwanjani, chini ya mbingu. Mkataba uliochora mipaka ya ardhi ulitiwa saini Mengo, makao ya Kabaka, mfalme wa Buganda. Baraza la kwanza la kutunga sheria lilikaa Entebbe. Jengo hilo la Bunge lilichorwa na Peatfield na Bodgener, likaanza kujengwa katikati ya miaka ya 1950, na mwaka 1960 lilikuwa tayari. Hesabuni wenyewe. Uhuru ni 1962. Nyumba hiyo ilijengwa na mkoloni, kwa ajili ya baraza la mkoloni. Sisi tuliihamia.

Kwa hiyo Uganda haina nyumba moja ya kuzaliwa. Inazo kadhaa, na kila moja ilizaa kipande chake. Ukitaka kuielewa yoyote kati yake, usianze na urefu wa nguzo wala rangi ya ukuta. Uliza nani alikuwamo ndani siku hiyo. Uliza nani alikuwa nje. Halafu uliza karatasi iliyokuwa mezani iliandikwa kwa lugha gani.

Twendeni Mengo.

Ni Machi 10, 1900. Upande mmoja yuko Sir Harry Johnston, kamishna maalumu wa serikali ya Uingereza. Upande wa pili yuko nani? Kabaka? Kabaka Daudi Chwa alikuwa na miaka mitatu. Nasema mitatu! Baba yake, Mwanga, alikamatwa mwaka 1899 pamoja na Kabalega, mfalme wa Bunyoro, wakapelekwa Shelisheli. Mwanga alifia hukohuko mwaka 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi akiwa mzee, akafia Jinja mwaka 1923 kabla hajafika kwao. Basi walioshika kalamu kwa niaba ya mtoto ni walezi wa kiti watatu: Apolo Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri.

Walikubaliana nini? Ushuru: rupia 3 kwa kila nyumba, rupia 3 kwa kila bunduki. Baraza: Lukiiko lenye watu 89, yaani mawaziri 3, machifu 20 wa masaza, yaani wilaya za Buganda, watu mashuhuri 3 kutoka kila saza, na 6 wa kuteuliwa na Kabaka. Lakini uzito wa mkataba ule uko kwenye ardhi, na ardhi waliigawa kwa maili za mraba. Ndiyo sababu mpaka leo ardhi hiyo tunaiita mailo. Wageni hudhani ni neno la Kiganda cha zamani. Ni maili tu, iliyovaa kanzu.

Walimu wa hisabati, chukueni kalamu, nitasoma polepole. Misitu, maili 1,500, kwa serikali. Ardhi iliyoitwa pori na isiyolimwa, 9,000, kwa serikali. Vituo na mashamba ya serikali, 50. Misheni, 92. Kabaka, 350. Namasole, yaani mama wa Kabaka, wawili, mmoja 16 na mwingine 10. Wana wa kifalme wanne, 8 kila mmoja. Mabinti wa kifalme, 90. Kamuswaga, mtawala wa Koki, 20. Mbogo, 24. Machifu 20 wa masaza, 16 kila mmoja, yaani 8 zake mwenyewe na 8 za cheo. Walezi watatu wa kiti, 32 kila mmoja. Kisha machifu na wenye ardhi wengine wapatao 1,000 wakapewa 8,000.

Mmejumlisha? Ni 19,600. Imetoka sawasawa, haikubaki hata robo maili.

Sasa niambieni, nchi yenye vinamasi, vilima na ufuko wa ziwa uliojipinda kila upande, inawezaje kugawanyika bila baki? Haiwezi. Ile 19,600 ilikuwa ya kukisia. Hakuna aliyekuwa ametembeza mnyororo wa kupimia. Waligawana kwanza, wakapima baadaye, na upimaji ukachukua miongo. Katika muda huo kila mtu alichagua maili zake kwa kutaja kilima na mto, na majina mawili yakaweza kutajwa juu ya kilima kimoja. Fundi yeyote wa kushona anajua kwamba kitambaa kisichopimwa kikikatwa, ugomvi hutokea kwenye mshono.

Na mkulima je? Mkopi, mwenye shamba lake la ndizi, yuko kwenye mstari gani wa hesabu hii? Rudieni kuisoma. Hayumo. Alilala ana shamba, akaamka ana mwenye shamba. Busuulu, kodi ya kukaa kwenye ardhi, na envujjo, kodi ya mazao, zilipanda mpaka serikali ikalazimika kutunga sheria ya kuziwekea kikomo mwaka 1928. Leo mkisikia kesi ya kibanja, shamba la mkulima asiye na hati, mwenye hati kasimama huku na mwenye makaburi ya babu zake kasimama kule, kesi hiyo ilianza Machi 10, 1900, na watu hao wawili hawakuwa wamezaliwa.

Wazee wa Bombo, mmesikia jina la Mbogo? Huyo ni Nuhu Mbogo, mwana wa kifalme, kiongozi wa Waislamu wa Buganda. Maili zake 24 ni chache ukizilinganisha na 92 za misheni. Lakini mwanawe, Badru Kakungulu, ndiye aliyetoa ardhi ya Kibuli palipo msikiti. Mkimpandisha mgeni mlima ule, mwonyesheni pia karatasi ya 1900. Vinakwenda pamoja.

Lugha sasa. Mkataba uliandikwa kwa Kiingereza na Kiganda, na kifungu cha mwishoni kikasema kwamba maneno ya Kiingereza ndiyo yatakayozifunga pande zote mbili. Yaani ukisoma kwa lugha yako ukaelewa hivi, na kwa Kiingereza ikawa vile, umekosea wewe. Na mjue Kiingereza hakikuwa lugha ya kwanza ya kigeni kuingia katika ikulu ya Buganda. Kabaka Mutesa I alikijua Kiswahili. Mwaka 1875 msafiri Henry Stanley alipoondoka alimwachia kijana aliyesomeshwa Unguja, Dallington Maftaa, amsomee Biblia kwa Kiswahili. Sisi wa Kiswahili tulikuwamo ikulu ya Kabaka robo karne kabla ya mkataba. Siku ya saini tukawa nje.

Entebbe nitapita haraka, maana hapakuwa na mambo mengi ndani.

Entebbe ilikuwa makao ya serikali ya wakoloni tangu miaka ya 1890. Machi 23, 1921 Baraza la Kutunga Sheria, ambalo wazee waliliita Legiko, lilikaa huko kwa mara ya kwanza, Gavana Robert Coryndon akiwa kitini. Wahindi walipewa kiti kimoja, wakaona ni dharau kwa kuwa Wazungu wasio watumishi wa serikali walipewa viwili. Wakasusa mpaka 1926. Waafrika hawakususa, kwa sababu huwezi kususa karamu usiyoalikwa. Kwa miaka 24 sheria za nchi hii zilitungwa katika chumba ambacho Mwafrika aliyekuwamo, kama alikuwamo, alikuwa amebeba sinia la chai.

Mwaka 1945 wakaingia watatu kwa mkupuo: Michael Kawalya Kagwa wa Buganda, Petero Nyangabyaki wa Bunyoro na Yekonia Zirabamuzaale wa Busoga. Hesabuni pande za nchi. Katikati, magharibi, mashariki. Kaskazini iko wapi? Mwaka ule haikupata kiti. Vijana wa Kaskazini walikuwa wametoka vitani na KAR, King's African Rifles, jeshi la wakoloni, wameimba kwa Kiswahili na wamepewa amri kwa Kiswahili, lakini lugha ya baraza ilikuwa Kiingereza. Jeshini unaitwa, barazani huitwi. Wekeni neno hilo akilini, tutalirudia tukifika 1966.

Kampala basi. Hapa nataka tukae.

Miaka ya 1950 mji huu ulijengewa nyumba mbili za bunge kwa wakati mmoja. Je, mmewahi kulifikiria hilo? Moja ni ile ya serikali ya kati, katikati ya mji. Nyingine ni Bulange, Mengo, nyumba mpya ya Lukiiko la Buganda. Zote za saruji na mawe, zote za fahari, kilomita chache tu kati yake. Hakuna anayejenga nyumba ya namna hiyo ili iwe ya pili.

Kumbukeni hali ilivyokuwa. Juni 1953 waziri wa makoloni kule London alitamka hadharani juu ya uwezekano wa shirikisho la Afrika Mashariki. Buganda ikaingiwa na hofu ya kumezwa na walowezi wa Kenya. Kabaka Mutesa II akataka ufalme wake utenganishwe na Uganda. Novemba 30, 1953 Gavana Andrew Cohen akamtia ndani ya ndege, akapelekwa Uingereza. Nchi ikaomboleza kana kwamba kuna msiba. Kuna wanaume walioacha kunyoa ndevu. Oktoba 17, 1955 akarudi, na aliporudi alikuwa na nguvu kuliko siku aliyoondoka. Cohen alimfukuza mfalme, akarudishiwa shujaa.

Tangu hapo Mengo, yaani serikali ya Kabaka, ikawa na kawaida ya kususa kila mlango wa Legiko. Oktoba 1958 Waafrika walipiga kura ya moja kwa moja kwa mara ya kwanza, kwa masharti ya mali, kipato au elimu. Buganda ikakaa nje. Machi 1961 ukaja uchaguzi mkubwa. Buganda ikasusa tena. Nini kilitokea? Wapiga kura wachache mno walijitokeza Buganda, na chama cha DP, Democratic Party, kikazoa viti 20 kati ya 21 vya huko. UPC, Uganda People's Congress, ilikuwa na kura nyingi zaidi nchi nzima, lakini DP ikapata viti 43 na UPC 35. Benedicto Kiwanuka wa DP akaongoza serikali, na Machi 1, 1962, nchi ilipopata madaraka ya ndani, akawa Waziri Mkuu wa kwanza. Yeye alikuwa Muganda, tena Mkatoliki, na Mengo haikumtaka. Waliufunga mlango wakiwa nje, mtu mwingine akajikuta ndani na ufunguo.

Mengo ikajifunza. Ikaunda chama chake, Kabaka Yekka, ikashikana mkono na UPC ya Milton Obote, na ikadai jambo moja kule London: wabunge 21 wa Buganda wasichaguliwe na raia moja kwa moja, wachaguliwe na Lukiiko. Wakapewa. Februari 1962 Kabaka Yekka ilishinda viti 65 kati ya 68 vya Lukiiko, kwa hiyo wale 21 wote wakawa wake. Aprili nchi nyingine ikapiga kura. Bunge lililoipokea nchi uhuru lilikuwa hivi: UPC 43, DP 24, Kabaka Yekka 24, jumla 91. Kati yao 61 waliingia kwa kura za wananchi, 21 waliingia kupitia Bulange, na 9 walichaguliwa na Bunge lenyewe. Milango mitatu ya kuingilia chumba kimoja. Mwanafunzi akikuuliza kwa nini serikali ya kwanza ilivunjika, usianze na tabia za watu. Mchoree milango hiyo ubaoni.

Bendera nayo ilipita humohumo. Serikali ya Kiwanuka ilikuwa imeandaa bendera ya kijani na buluu, yenye mistari myembamba ya njano na korongo katikati. DP iliposhindwa, bendera hiyo ikaondoka nayo. Hii tuliyo nayo ilichorwa na Grace Ibingira: mistari sita, nyeusi, njano, nyekundu, kisha tena nyeusi, njano, nyekundu, na duara jeupe lenye korongo taji. Walimu, hapa shuleni mwenu hukosewa sana. Nyeusi ndiyo ya juu kabisa. Korongo hutazama upande wa mlingoti, na mguu wake mmoja umeinuliwa. Bendera ikipandishwa na nyekundu ikawa juu, mtazameni ndege: kichwa kimeelekea chini. Kamba ikishafungwa kwenye pete, akague mtu wa pili kabla haijavutwa. Ni kazi ya nusu dakika.

Usiku wa kuamkia Oktoba 9, 1962, Kololo, bendera ya Uingereza ikashushwa na hii ikapandishwa. Malkia hakuja, jamani; msiwaambie wageni kwamba alikuja. Alimtuma Duke wa Kent. Wimbo wa taifa ulikuwa wa George Kakoma, beti tatu fupi kiasi kwamba mtu anayetembea kwenda kusimama mahali pake huenda asifike kabla haujaisha. Na ile sanamu ya mama anayemwinua mtoto, iliyo mjini karibu na bustani ya Jubilee, ni kazi ya Gregory Maloba, mzaliwa wa Kenya aliyefundisha Makerere. Sanamu ya uhuru wetu imechongwa na jirani, na sioni aibu yoyote hapo.

Kosa jingine la watembezaji ni kusema Mutesa alikuwa rais tangu siku ya uhuru. Hapana. Mwaka wa kwanza mkuu wa nchi alikuwa Malkia, akiwakilishwa na Gavana Mkuu Walter Coutts. Mutesa akawa Rais Oktoba 9, 1963, rais wa heshima, mamlaka yakiwa kwa Waziri Mkuu Obote. Na alibaki kuwa Kabaka. Mtu mmoja, kofia mbili.

Kofia mbili zina ubaya gani? Sikilizeni. Buyaga na Bugangaizi ni masaza ya Bunyoro yaliyotiwa Buganda na Waingereza wakati wa vita vya Kabalega. Katiba ya 1962 ilisema wenyeji wataulizwa, ila si kabla ya miaka miwili kupita. Mengo ikaitumia miaka hiyo kuwahamishia askari wastaafu huko Ndaiga ili wapige kura. Serikali ikaamua watakaopiga kura ni waliokuwa kwenye daftari la 1962 tu, na wahamiaji wakabaki wanatazama. Novemba 4, 1964 watu wakachagua kurudi Bunyoro kwa kura nyingi mno. Sasa sheria ya kuhamisha masaza inahitaji saini ya Rais. Rais ni nani? Ni Kabaka. Akitia saini, kama Kabaka ameitoa ardhi aliyoapa kuilinda. Asipotia, kama Rais ameivunja katiba aliyoapa kuilinda. Akakataa, na Waziri Mkuu akatia saini badala yake. Januari 1, 1965 masaza yakarudi Bunyoro. Tangu siku hiyo nyumba mbili zile hazikuwa tena za majirani.

Februari 22, 1966 mawaziri watano walikamatwa wakiwa ndani ya kikao cha baraza la mawaziri kule Entebbe. Mmoja wao ni Grace Ibingira, yule wa bendera. Siku mbili baadaye katiba ikasimamishwa. Halafu ikaja Aprili 15.

Kabla sijaisimulia, nikumbushe njia ya kawaida ya muswada. Huchapishwa, wabunge wakapata nakala. Husomwa mara ya kwanza, kwa jina tu. Mara ya pili hujadiliwa kwa ujumla wake. Kisha Bunge hugeuka kamati na kupita kifungu kimoja kimoja, na hapo ndipo siwa huteremshwa kutoka juu ya meza. Siwa, wanafunzi, ni neno la pwani: ile pembe kubwa ya kupulizwa, ya pembe ya ndovu au ya shaba, iliyolia Pate na Lamu kwenye sherehe za wakubwa. Bungeni ni rungu la mamlaka. Spika akikaa kitini liko juu, kamati ikikaa liko chini. Mwisho muswada husomwa mara ya tatu, na kupelekwa kwa mkuu wa nchi atie saini. Hatua hizo zinachosha, na zimewekwa makusudi zichoshe.

Aprili 15, 1966 askari walilizunguka jengo la Bunge. Obote akaweka mezani katiba mpya na kuomba ikubaliwe. Wabunge walikuwa hawajaisoma. Wakaambiwa nakala zao watazikuta kwenye vishubaka vyao, vile visanduku vidogo vya ukutani ambamo kila mbunge huwekewa barua. Kura kwanza, kusoma baadaye. Ikapita. Watu wakaiita katiba ya vishubaka, na jina hilo halijafutika. Chini ya katiba hiyo Waziri Mkuu akawa Rais mwenye mamlaka yote.

Je, mnaona kinachofanana na Mengo? Mwaka 1900 aliyefungwa na karatasi alikuwa mtoto wa miaka mitatu asiyeweza kusoma. Mwaka 1966 walikuwa watu wazima wenye miwani, wenye shahada, na karatasi ilikuwa kishubakani, hatua chache kutoka walipokaa.

Bulange ikajibu. Mei 20 Lukiiko likaitaka serikali ya kati iondoke katika ardhi ya Buganda ifikapo Mei 30. Iende wapi? Jengo lenyewe la Bunge limo Buganda! Alfajiri ya Mei 24 jeshi likaishambulia Lubiri, ikulu ya Kabaka, Idi Amin akiwa kamanda. Na lile jeshi ni lilelile la KAR, lilibadilishiwa jina tu: vijana walioitwa vitani lakini hawakuitwa barazani. Safari hii waliitwa, na waliitwa na bunduki zao. Mutesa alitoroka kwa kuruka ukuta wakati mvua kubwa ikinyesha, akafika Burundi, kisha London, ambako alifariki Novemba 21, 1969. Bulange ikawa makao ya jeshi. Mwaka 1967 katiba nyingine ikafuta falme zote. Chumba cha Lukiiko kikapigiwa saluti badala ya hoja, mpaka sheria ya 1993 iliporuhusu mali za falme zirudishwe.

Miaka ya Amin sina mengi ya kusema juu ya Bunge, kwa kuwa halikuwako. Kuanzia Januari 25, 1971 nchi iliendeshwa kwa amri. Moja ya amri hizo, ya 1973, ilikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na sisi wapenzi wa lugha hii bado tunailipa gharama yake. Lugha iliyoingizwa kwa amri ya mwanajeshi, na kutumiwa na askari kwenye vizuizi vya barabarani usiku, ilibaki na harufu ya vizuizi hivyo masikioni mwa watu. Mwalimu anayefundisha Masaka au Mukono anajua ninachosema.

Januari 29, 1986 nyumba yetu ikatumika kwa namna ya ajabu kidogo. Kampala ilikuwa imetekwa siku tatu kabla. Yoweri Museveni aliapishwa kuwa Rais na Jaji Mkuu Peter Allen, na hawakuingia ndani: walisimama nje, kwenye ngazi za Bunge, watu wakiwa mbele yao. Hotuba yake ya mabadiliko ya msingi ilitolewa pale. Hata katiba ya sasa, ya Oktoba 8, 1995, haikujadiliwa humo. Bunge la Katiba lilikaa kwenye kituo cha mikutano cha kimataifa, James Wapakhabulo akiwa mwenyekiti. Kwa hiyo mkisimama na mgeni pale, mwonyesheni ngazi kabla ya mlango. Ngazi zina historia kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Na ndani hamtoshi tena. Chumba kilichojengwa kwa baraza dogo la mwisho wa ukoloni kikawapokea wabunge 91 mwaka 1962. Bunge lililoanza 2021 lilikuwa na wabunge 529 wa kuchaguliwa: 353 wa majimbo, 146 wanawake wa wilaya, na 30 wa makundi maalumu, wakiwamo 10 wa jeshi. Ndiyo sababu kimeanza kujengwa chumba kipya cha watu wapatao 600. Vishubaka sijui watavipanga wapi.

Kuhusu lugha, mabadiliko ya katiba ya 2005, kifungu cha 6, yanasema Kiswahili ni lugha rasmi ya pili, itakayotumika kwa namna ambayo Bunge litaweka kwa sheria. Someni tena maneno hayo, msiyapite mbio kwa furaha. Katiba imefungua mlango, ila bawabu ni Bunge. Mwalimu anayedai haki ya Kiswahili ofisini aende na kifungu hicho mkononi, akisome chote, pamoja na nusu yake ya pili isiyompendeza.

Nimalize na njia ya kutembea kwa vijana wetu. Msianzie Bunge. Anzieni Lubiri asubuhi, jua likiwa nyuma yenu, mteremke Kabakanjagala kwa miguu mpaka Bulange. Ni mwendo wa maili moja iliyonyooka kama rula, na maili hiyo, tofauti na zile 19,600, ilipimwa. Katikati kuna mzunguko wa barabara uitwao Nantawetwa, wenye malango yanayopita katikati yake. Magari, boda boda, na nyinyi na wageni wenu, wote mnazunguka. Lango hufunguliwa kwa Kabaka peke yake, kwa kuwa Kabaka hapindi njia. Simameni hapo, mgeni apige picha, halafu muulizeni yeye kabla hajawauliza nyinyi: nani anapita katikati, nani anazunguka? Kisha ndiyo mpande teksi kwenda Bunge.

Maswali nitayapokea kwenye chai. Wa Bombo waanze, maana basi lao linaondoka saa sita.